Hapana, Sitafuga Nyoka. Lakini wa Ushago Muacheni

Tangu niseme kwenye video ya juzi kwamba siku hizi natazama sana Wamarekani wanaofuga nyoka, jumbe zenu hazijanipa amani. Nusu mnauliza nitanunua wangu lini. Nusu nyingine mnanitumia Mwanzo sura ya tatu. Mathe mwenyewe alinipigia saa kumi na mbili asubuhi kuuliza kama nimejiunga na watu wabaya. Basi leo nimeamua kuandika badala ya kurekodi, kwa sababu hii hadithi ina sehemu ambayo siwezi kuisema nikitabasamu kwa kamera.

Jibu fupi: hapana, sitafuga nyoka. Jibu refu lina nyoka wawili. Mmoja anaishi Marekani na namjua kwa simu tu. Mwingine aliishi kwa shosho yangu kule Nyandarua, na nilikuwepo akiuawa. Sio kuwepo tu. Nilisaidia.

Nianze na huyo wa shosho.

Mwaka jana mwezi wa nne nilienda ushago. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache kabla, mwaka wa pili, na kila mtu kule alikuwa bado ananiuliza tunafungua lini. Nilikuwa na simu ya kioo kilichopasuka, wafuasi mia tisa, na hamu kubwa ya kuonyesha watu kwamba hii kazi ya kontenti ni kazi kama kazi nyingine. Siku ya tatu, binamu yangu akatoka mbio kwenye viazi akipiga nduru. Nyoka! Alikuwa wa kahawia, mnene kama mpini wa jembe, na ukimnyoosha angenifika kifuani. Alikuwa ametokea kwenye shimo la fuko. Alipoona watu wamemzunguka aliinua kichwa, akafungua mdomo na kutoa sauti kama tairi la lori linalotoa upepo.

Majirani walifika na panga, jembe na mawe. Mimi nilifika na simu. Nilitafuta mahali penye mwangaza mzuri, nikamwambia anko asogee kidogo asinizibie, na nikarekodi mpaka mwisho. Juu ya video nikaandika ati shetani amepatikana kwetu leo. Nikaongeza muziki wa kutisha. Kufika jioni ya siku iliyofuata, hiyo video ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko video zangu zote nyingine zikijumlishwa. Ndiyo iliyoniletea kazi yangu ya kwanza ya tangazo, na hiyo doo ndiyo ililipa kodi ya miezi miwili ya kwanza ya keja ninayokaa sasa.

Nasema hivi wazi ili mtu asione kama nimekuja kuwahubiria. Nimekula kutoka kwa huyo nyoka.

Sasa, kati ya komenti za "ponda kichwa" na "mchome kabisa", kuna msee mmoja aliandika maneno machache tu. Alisema huyo ni nyoka-fuko, hana sumu, anakula fuko, na kwamba tumemuua mfanyakazi wetu wenyewe. Nilimjibu kwa emoji tatu za kucheka. Lakini ile "mfanyakazi wenu" ilikataa kutoka kwa kichwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu hiyo wiki yote shosho alikuwa analia na fuko. Mnyama huyu anakaa chini ya ardhi, anachimba kwa meno, na unajua amepita tu ukiona kichuguu kipya cha udongo asubuhi. Unavuta shina la kiazi, linakuja bila kiazi. Karoti inazama chini ukiiangalia hivi. Shosho alikuwa na mzee fulani wa kutega, anakuja na vijiti vyake vya kupinda na kamba, na kwa kila fuko anayemshika shosho anatoa shilingi mia. Halafu yule aliyekuwa akifanya hiyo kazi bure, usiku na mchana, bila kuitishwa chai, ndiye tulimkata vipande saba. Nilihesabu kwenye video.

Niliporudi Nairobi nikaanza kutafuta habari za nyoka wanaokula wanyama wachimbaji. Intaneti haikunipeleka Nyandarua. Ilinipeleka California.

Huko kuna nyoka anayeitwa gopher snake. Wanasayansi wanamwita Pituophis catenifer. Hapa nitamwita nyoka-gofa tuelewane. Gofa ni mnyama mdogo mwenye meno ya panya, anayechimba njia chini ya mashamba na kula mizizi. Ukimjua fuko wetu umeshamjua gofa, ila huyo wao ana mifuko kwenye mashavu ya kubebea chakula. Na nyoka-gofa ndiye anayemfuata huko chini. Anaishi magharibi mwa Amerika Kaskazini, kuanzia kusini magharibi mwa Kanada, kupitia Marekani, mpaka kaskazini mwa Mexico. Wengi wakikomaa wana mita 1.2 hadi 1.8, na wale wa nyanda za katikati wanaoitwa bullsnake wanaweza kupita mita 2. Ana rangi ya mchanga na mabaka ya kahawia mgongoni. Hana sumu hata tone. Anamuua windo kwa kulibana, na kwa sababu ndani ya shimo hakuna nafasi ya kujizungusha, analisukuma kwenye ukuta wa shimo na kulikandamiza hapo. Anakula gofa, panya, vindi wa ardhini, hata mayai ya ndege. Wakulima wengi wa huko wanamjua na wanamuacha apite.

Lakini kitu kilichonishika sana ni uigizaji wake. Kule Marekani kuna nyoka-njuga, yule wa sumu kali mwenye njuga kwenye ncha ya mkia. Akitingisha, watu na wanyama wanahama. Nyoka-gofa hana njuga wala sumu, ila anajua kuigiza. Ukimtisha, anapanua kichwa kikae kama pembetatu, anajikunja tayari kuruka, halafu anatetemesha mkia kwenye majani makavu mpaka usikie njuga ambayo haipo. Ndani ya mdomo wake, mbele ya njia ya hewa, kuna kijinyama chembamba ambacho hewa ikikipita kinatetemeka, na hapo unapata mlio mkubwa kuliko mwili wenyewe. Hii yote ni woga umevaa koti la ubabe.

Na unajua mwisho wake? Mbweha na ndege wanaweza kuogopa. Lakini binadamu akiona njuga anachukua koleo. Nyoka-gofa wengi wanauawa kwa sababu waliigiza vizuri sana. Kile kinachomwokoa kwa wengine wote ndicho kinachomuua kwetu.

Manze hapo nilisimamisha video. Nimekulia mtaa ambao ukitembea na uso laini unaporwa, kwa hivyo tulijifunza kukaza uso, kutembea kwa mwendo, kuongea kwa sauti nzito. Halafu usiku mmoja unakutana na wenye bunduki ambao hawana muda wa kuuliza kama ulikuwa unaigiza. Kuna mabeste wangu wawili ambao siwezi kuwauliza tena maoni yao kuhusu hii kitu. Sitaki kulinganisha watu na nyoka. Nasema tu najua maana ya kuuawa kwa sababu ya sauti uliyotoa ukiogopa.

Haya, turudi kwenye kufuga, maana ndiyo mliuliza.

Wamarekani wanafuga nyoka-gofa kwelikweli. Wengi wanamnunua akiwa mdogo kutoka kwa watu wanaozalisha. Wengine wanachukua wa porini, na sheria inategemea jimbo. Kule California, ukitaka kumchukua nyoka wa asili wa huko lazima uwe na leseni ya kuvua samaki. Sitanii. Samaki. Mtoto wa nyoka huyu akifika nyumbani ana hasira za bure, anakulilia na kukugonga na pua. Wafugaji wanasema ukimpa muda, ukimshika kwa utulivu mara kwa mara, wengi wanapoa na kukubali kushikwa. Angalia neno hilo: wanakubali. Wanaofuga kwa ukweli hawakudanganyi ati nyoka anawapenda. Anakuzoea. Anajua wewe si chakula na wewe si hatari. Hapo ndipo uhusiano unaishia, na wao wako sawa na hilo.

Nikaanza kutamani. Nitawaambia ukweli, niliona kontenti. Kijana wa Nairobi na nyoka shingoni, nani atapita bila kusimama? Nikakaa chini na kalamu nikapiga hesabu ya kile mnyama anahitaji.

Kwanza, nyumba. Nyoka-gofa mkubwa anataka sanduku la kioo au mbao lenye urefu wa angalau sentimita 120, upana 60, kimo 60, na kifuniko kinachofungwa kabisa, kwa sababu ni fundi wa kutoroka. Anasukuma kwa pua mpaka apate upenyo. Mimi nakaa bedsita. Nikiweka hilo sanduku, mmoja wetu inabidi alale nje.

Pili, joto. Nyoka hatengenezi joto lake mwilini kama sisi. Anahitaji upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 30 hivi na upande mwingine uwe baridi zaidi, karibu 24, ili achague mwenyewe. Asipopata joto, chakula hakisagiki tumboni. Hiyo ni taa au mkeka wa moto, na kifaa cha kupima kila siku. Sasa fikiria stima ikipotea mwezi wa saba, tokeni zimeisha, na mimi mwenyewe nimelala na jaketi.

Tatu, chakula. Wafugaji makini wanalisha panya waliokufa na kugandishwa, wanaowayeyusha kwanza, kwa sababu panya hai anaweza kumng'ata nyoka na kumjeruhi. Nyoka mdogo anakula kila baada ya siku tano hadi saba, mkubwa kila wiki mbili hivi. Baada ya kula unamuacha siku mbili bila kumshika, la sivyo anatapika. Na hao panya wanakaa wapi? Kwenye friji, karibu na sukuma na maziwa ya chai. Nilimuuliza caretaker wa ploti yetu kama ni sawa. Aliniangalia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama nimelipa maji.

Nne, usafi. Nyoka anaweza kubeba bakteria ya salmonela bila yeye kuugua, ndiyo maana wafugaji wanaosha mikono kila wanapomshika, na watoto wa chini ya miaka mitano hawafai kumkaribia. Mlango wa pili kwetu kuna mtoto wa miaka miwili ambaye anaingia kwangu kama ni kwake.

Tano, na hii ndiyo iliniua, ni muda. Nyoka-gofa akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Miaka ishirini! Wasee, mimi nilishindwa kumaliza digrii ya miaka minne. Nimebadilisha laini ya simu mara tatu mwaka huu. Kuna mmea nilinunua mwezi wa pili, usiniulize. Halafu nichukue kiumbe ambacho kitanihitaji mpaka nikiwa na miaka arobaini na kitu, kwa sababu ya video za mwezi mmoja? Mtu akitamani kuacha chuo, chuo hakifi. Mnyama ukimuacha anakufa, au anatoroka na kuwa shida ya wengine.

Hiyo ya kuwa shida ya wengine sio maneno tu. Kule Florida watu walinunua chatu wa Burma wakiwa wadogo na wazuri. Wakakua, wakawashinda, wengine wakaachiliwa, wengine wakatoroka. Leo wamejaa kwenye mabwawa ya Everglades wakila wanyama wa huko, na hakuna anayejua namna ya kuwamaliza. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuwaingiza nchini, lakini walikuwa wameshaingia. Kwa hivyo ukiniambia nilete nyoka-gofa Kenya kwa njia za panya, hata kama hana sumu, mimi nasema hapana. Kwao ana kazi, hapa kwetu atakuwa mgeni asiye na maana.

"Basi si ufuge wa hapa?" Hapo kuna sheria. Mnyama wa porini Kenya huwezi kumuokota ukaenda naye kwa keja. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka uwe na kibali, na anayesimamia hayo ni KWS. Wanaofuga nyoka kihalali wanafanya hivyo kwa leseni na kwa sababu fulani, kama utafiti na kufundisha. Ukitaka kumwona nyoka wa Kenya kwa karibu, nenda pale Snake Park kando ya makumbusho ya Nairobi, pamekuwepo tangu 1961. Ukiwa pwani, pitia Bio-Ken kule Watamu, wameanza 1980. Utalipa kiingilio, utauliza maswali yako yote ya kijinga kama nilivyofanya mimi, na utarudi kwako bila panya kwenye friji.

Sasa nifike kwenye maoni yangu, kwa sababu mpaka hapa nimekuwa nikipiga hesabu tu.

Tunachofaa kuiga kwa wale Wamarekani si lile sanduku la kioo. Ni macho. Mtoto aliyekua na nyoka-gofa sebuleni anaweza kukuambia huyu ana sumu, huyu hana, huyu anaigiza, huyu anataka kujikojolea kwa woga. Anaangalia kwanza, ndio anaamua. Sisi tunaamua kwanza, tunaua, halafu wa kwanza kuuliza "alikuwa nyoka gani?" anachekwa. Na tunapoamua hivyo hatuko salama zaidi, tuko vipofu zaidi.

Nyoka-fuko wetu, Pseudaspis cana, wala si ndugu wa karibu wa nyoka-gofa. Wa Marekani anataga mayai, wa kwetu anazaa watoto hai, mara nyingi 25 hadi 50, na amewahi kupatikana aliyezaa 95 kwa mkupuo mmoja. Lakini kazi iliwafananisha. Wote wana kichwa kidogo cha kuingia shimoni, wote hawana sumu, wote wanabana windo, wote wanapiga kelele nyingi wakiogopa, na wote wanauawa kwa hiyo kelele. Anaishi kwenye nyanda zetu za juu zenye nyasi, palepale fuko wanapomaliza viazi. Mkulima anayemuua anamlipa mtegaji. Hiyo ni hesabu ndogo hata mimi niliyeacha chuo naiweza.

Msinielewe vibaya. Sisemi nyoka wote ni marafiki, na msee asije kunishtaki baadaye. Kenya tuna bafe, tuna swila, tuna koboko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka duniani watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, na wengi ni watu kama shosho, wakulima wanaotembea bila viatu vizuri, mbali na hospitali. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Hiyo ni shida ya kweli. Ndiyo maana nasema usimshike nyoka yeyote kwa sababu umesoma posti yangu. Hata nyoka-fuko asiye na sumu akikung'ata anachana nyama vibaya. Ukikutana na nyoka, simama, rudi nyuma pole pole, mpe njia. Kuna wanaoumwa wakijaribu kuua au kushika, na wengine wakimkanyaga bila kumwona. Kwa hivyo tochi usiku, buti shambani, nyasi fupi karibu na nyumba. Mtu akiumwa, hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kukata damu. Mtulize, asitembee ovyo, mkimbize hospitali.

Lakini angalia: kumpa njia na kumuua ni vitu viwili tofauti, na cha kwanza ndicho salama. Yule anko wangu aliyepiga nyoka kwa jembe fupi alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwa mdomo. Angekuwa bafe, hii posti ingekuwa ya matanga.

Na kabla mtu aseme hizi ni fikra za wazungu, nilimuuliza shosho. Nilirudi kwake mwezi uliopita na kuketi naye jikoni akimenya viazi, vile vichache fuko walimwachia. Nikamwambia, "Shosho, yule nyoka tuliua mwaka jana alikuwa anakula fuko." Akaendelea kumenya. Halafu akaniambia alipokuwa msichana, kuna nyoka akiingia boma wazee hawakukubali aguswe. Aliwekewa maziwa, watu wakatulia, mpaka akaondoka mwenyewe. Walisema labda ni mgeni kutoka kwa waliotangulia. Nikamuuliza mbona basi siku ile hakusema kitu. Akasema, "Mlikuwa wengi, na wewe ulikuwa na simu."

Hiyo sentensi imenikaa hapa.

Na si kwa Wakikuyu tu. Waulize watu wa Nyakach kuhusu Omieri, yule chatu waliyemhesabu kuwa baraka ya mvua na mavuno. Alipoungua moto mwaka 1987 akapelekwa Nairobi kutibiwa, na alipokufa watu walimlilia. Hakuna mtu alikuwa amemfuga. Hakuwa na sanduku wala jina kwenye risiti. Aliishi kwake, wao waliishi kwao, na walijuana. Hatuhitaji kwenda mpaka California kujifunza kuishi karibu na nyoka bila kumuua na bila kummiliki. Tulijua. Tulisahau, halafu tukapata simu.

Kwa hivyo wiki iliyopita niliifuta ile video. Najua mmeshaona haipo. Ilikuwa ndiyo namba yangu kubwa zaidi, ndiyo nilikuwa nikiwaonyesha watu wa matangazo wakiniuliza nimewahi kufanya nini. Sasa wakiniuliza sina cha kuonyesha cha ukubwa huo. Na sijidanganyi kwamba nimeokoa chochote. Nyoka alishakufa, na kurasa zingine tatu ziliichukua ile video zamani, bado inazunguka na maandishi yangu yaleyale juu. Nimewaandikia waitoe. Mmoja ameniblock, mmoja ameniuliza nitamlipa ngapi.

Nilipomuaga shosho nilimuuliza, akija mwingine itakuwaje? Alifikiria. Akasema, "Akae upande wa viazi. Asinionyeshe uso jikoni." Nikamwambia hiyo ni haki kabisa. Tangu siku hiyo naitumia kama sera yangu ya nyoka: yeye upande wa viazi, mimi upande wa jikoni, na simu mfukoni.

Wale mlikuwa mnasubiri kijana wa Nairobi na nyoka shingoni, poleni. Lakini kama kwenu ushago kuna fuko, na kuna nyoka wa kahawia anayeonekana mara moja moja kwenye viazi, andika hapo chini mnamwita nani kwa lugha ya kwenu, na mara ya mwisho alipotokea mlimfanya nini. Mimi nimesema yangu. Sitamcheka mtu.